Zimwi Lililoulizwa Habari za Watoto Wake

Habari za msiba huu zilinifikia kwa njia ambayo watu wa Kibondo hawataishangaa. Simu ililia asubuhi nikiwa napiga mswaki, na mzee mmoja wa kule, ambaye nitamtambulisha hivi punde, akaanza kuniuliza nimeamkaje. Nikamwambia nimeamka salama. Akauliza mke wangu ameamkaje. Akauliza watoto. Akauliza mvua za huku Morogoro, kama zimeanza au bado zinatutania. Kisha akauliza hali ya mbuzi wangu, mbuzi ambao niliwahi kumtajia mara moja tu na ambao tulishawala siku nyingi. Nikamjibu kwamba mbuzi hawajambo, maana nilijua nikisema tumewala itabidi tuanze upya. Ndipo aliposema, "Sasa, mwana wanje, Daktari wetu katuacha. Ni jana alasiri. Moyo umesimama tu, akiwa amekaa." Povu la dawa ya meno likanikaukia mdomoni. Nilikasirika, sitaficha. Nilitaka kumuuliza kwa nini aliniacha niwasifie mbuzi wafu wakati mtu wetu amelala chini ya shuka. Lakini nilipokata simu na kuketi kwenye ndoo, hasira ikaisha, yakaja machozi, na baada ya machozi, Mungu anisamehe, kikaja kicheko.

Wasomaji wa safu hii mnanijua. Mimi si hodari wa kusifu marehemu, na nimeshaandika hapa kwamba watu wengi huanza kuwa wacha Mungu siku ya kuzikwa. Basi niseme mapema kwamba marehemu huyu hakuwa malaika. Alikuwa afisa mifugo. Kule kila anayeshika sindano huitwa Daktari, awe anamchoma mtu au anamchoma ndama, naye aliitikia jina hilo bila kulisahihisha. Alikuwa mtu wa milima ya Usambaa, mrefu, mkimya, mwenye koti lililonuka dawa ya kupe mwaka mzima. Hatukuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Mwaka 2012 mwajiri alinipeleka Kibondo, karibu na mpaka wa Burundi, kufundisha Jiografia, mwajiri huyohuyo alikuwa amempeleka yeye kuchanja ng'ombe, na tukajikuta majirani kama abiria wawili waliopewa kiti kimoja. Kwa miezi kadhaa mazungumzo yetu yalikuwa "habari" na "nzuri". Kisha siku moja ya mvua akanigongea mlango, akaniuliza kwa uso mkavu kabisa kama ningependa kwenda kuua zimwi.

Ilibidi anieleze mara mbili. Zamani kidogo, katika kambi ya wakimbizi kule Kasulu, alikuwako mgeni mmoja wa Ulaya, mchimba visima, aliyemfundisha Daktari mchezo wa kwao. Watu wanakaa kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi, naye anatunga dunia: hapa msitu, pale pango, ndani ya pango zimwi linalozuia maji ya kijiji. Wengine kila mmoja ana shujaa wake, na kila mmoja anasema shujaa wake anafanya nini. Ukisema unapiga, unarusha dadu, na dadu ndiyo inayoamua kama umelijeruhi zimwi au umejikata kidole. Mezani panawekwa visanamu ili kila mtu aone nani kasimama wapi. Mgeni yule alikuwa na mazimwi mazuri ya chuma, madogo, yaliyopakwa rangi kwa mkono mpaka kucha. Mkataba wake ulipokwisha aliyafunga kwenye pamba moja moja kama mayai, akaondoka nayo. Alichomwachia Daktari ni mfuko wa dadu. Daktari akawa na dunia nzima kichwani, misitu, mapango na falme, lakini hana zimwi hata moja la kuweka mezani.

Tukapanga siku ya kwenda Kasulu kutafuta mazimwi. Nasema tukapanga, lakini mimi nilifuata samaki wakavu. Sokoni tulikuta kijana aliyetandaza turubai lenye midoli ya plastiki ya kila namna, ile inayokatika mguu kabla mtoto hajafika nayo nyumbani. Daktari alichuchumaa, akaanza kumkagua simba mmoja kama anavyokagua mnyama mnadani: akampapasa mgongo, akamtazama chini ya mkia, akambinua mdomo. "Huyu meno yamekwisha," akasema, akamrudisha. Yule kijana alimwangalia, akaniangalia mimi, akamgeukia tena. "Bosi, mtoto ana miaka mingapi? Nikuchagulie fresh." Daktari akajibu, "Hakuna mtoto. Ni vya kwangu." Kijana akacheka. "Vya kwako kivipi, mkubwa?" Daktari, ambaye hakujua kusema uongo wala kufafanua, akajibu, "Vya kuua watu." Kijana hakucheka tena. Alitufungia haraka, akatuongezea na vingine ambavyo hatukuviomba, nadhani ili tuondoke upesi.

Kwa hiyo tulirudi Kibondo na jeshi la ajabu. Kulikuwa na mamba mwenye magurudumu, chura wa kijani anayelia akibonyezwa tumbo, mwanamieleka asiye na mkono mmoja, ng'ombe wanne wadogo, na bata wa manjano, yule wa kuogea watoto, mwenye macho ya kushangaa. Shida ilikuwa ukubwa. Chura alikuwa mkubwa kuliko ng'ombe wote wanne wakipangwa pamoja, na bata alikuwa mkubwa kuliko chura. Wachezaji wenzetu wawili walikuwa karani wa mahakama kutoka Mara, mtu mwenye damu ya moto, na muuguzi mkunga ambaye wilaya nzima ilimwita Sista. Karani alipouona mpangilio ule kwa mara ya kwanza akagoma kucheza. "Daktari, wewe umesomea wanyama. Ng'ombe anakuwaje mdogo kuliko chura?" Daktari akamtazama ng'ombe, akafikiri, akasema, "Minyoo." Tangu siku ile kila kisichoeleweka katika mchezo wetu kilikuwa na minyoo. Mamba naye alikuwa na balaa lake: meza ya Daktari ilikuwa imeinama upande mmoja, hivyo mara nyingi aliteremka mwenyewe na kuanguka sakafuni kabla ya vita kuanza, nasi tukakubaliana kuhesabu kwamba amejisalimisha. Mwishowe cheo cha zimwi kuu, mla watu wa Pango la Chini, kikaenda kwa bata, kwa sababu ndiye peke yake aliyeweza kusimama.

Nawaeleza jinsi meza ile ilivyopangwa kwa sababu ndiyo nusura imwondoe Daktari Kibondo. Tulitandika pazia jekundu la Sista, kuukuu, ili vidude visiteleze. Kuta za pango tulizichora kwa chumvi ya Uvinza, ile ya mawe, tukiimwaga mistari mistari. Uhai wa kila shujaa na kila zimwi tuliuweka kwa maharage: ukijeruhiwa, unanyang'anywa punje. Chupa tupu za chanjo zilikuwa minara. Na kwa kuwa vita vyetu havikuisha kwa Jumamosi moja, Daktari aliiacha meza vilevile wiki nzima, akala chakula chake kwenye kiti akiwa ameweka sahani mapajani, ili asivuruge mapambano. Sasa ongeza jambo hili: wiki ile jirani alifiwa na ng'ombe wa maziwa. Aliumwa jioni, asubuhi akakutwa amelala miguu juu. Ijumaa mvua ikanyesha, na mke wa mwenye nyumba, ambaye alijua bati la chumba kile linavuja, akaingia na ndoo ili kukinga maji.

Hebu fikiria alichokiona yule mama. Kitambaa chekundu. Mistari ya chumvi. Maharage yaliyopangwa mafungu mafungu. Vichupa. Katikati, bata wa manjano amemkodolea macho, na mbele ya bata, ng'ombe mdogo amelala miguu juu, kwa sababu Karani alikuwa amemuua Jumamosi iliyopita. Akapiga ukelele, "Yoo! Mana yanje!" akimwita Mungu wake, akarudi nyuma, kiwiko kikambonyeza chura tumboni, na chura akalia. Watu waliokuwa barabarani wanasema hawajawahi kumwona mwanamke wa umri ule akikimbia vile huku ameshika ndoo.

Mume wake, mwenye nyumba, ndiye yule mzee aliyenipigia simu. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, miaka mingi iliyopita, akaishi kambini, akapata uraia, akalima maharage na muhogo mpaka akajenga nyumba ya kuishi na vyumba vya kupangisha. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini na maneno machache yasiyorudi nyuma. Jioni ileile alisimama mlangoni kwa Daktari, hakuingia. "Daktari, nyumba hii tunasali ndani yake. Jumatatu isikukute hapa." Daktari akasema ni mchezo tu, Mzee. "Mchezo wa nani? Watu wazima wa serikali, mnacheza na bata?" Mzee akaongeza kwamba kuhusu ng'ombe wa jirani yeye hasemi kitu, lakini wenye midomo wameshaanza kusema.

Tulimkuta Daktari anafunga vitabu kwa kamba. Karani alianza kupaza sauti kuhusu haki za mpangaji, kwamba mtu hafukuzwi kama kuku, kwamba sheria ipo. Daktari alimsikiliza, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea kutoka kwa mtu aliyekaa pale miaka na kuonekana hana haja na mtu. "Nikitoka hapa sitafuti chumba kingine. Naomba uhamisho, nirudi kwetu. Afisa mifugo akishasemwa ni mchawi wa ng'ombe, atamchanja nani?" Alisema hivyo huku akimwangalia yule bata, na ingawa jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha, hakuna aliyecheka. Sista ndiye aliyeinuka. Alikuwa amewazalisha mabinti wote wa nyumba ile, na mkunga wa binti zako huwezi kumfungia mlango. Akaenda jikoni kwa mama, akakaa huko kitambo kirefu, akarudi na neno: Mzee atakuja kesho Jumamosi baada ya chakula cha mchana, aone kwa macho yake. Akiona dhambi, Daktari anaondoka. Asipoiona, watazungumza.

Alikuja na Biblia kwapani na fimbo mkononi. Akakaa. Daktari, jasho likimtiririka chini ya koti, akamweleza mchezo kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema mwaka mzima. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na mimi nakaa wapi?" Tukampa shujaa. Alikataa panga, akakataa upinde, akasema yeye ni mkulima na atakwenda na jembe. Tukamwakilisha kwa yule mwanamieleka mwenye mkono mmoja. Daktari akasimulia: mmefika Pango la Chini, kuna giza, maji yanasikika lakini hayatoki nje, kijiji kina kiu, na mbele yenu amesimama mla watu. Akamsogeza bata. Karani akawa amesimama tayari. "Mpige, Mzee! Rusha dadu! Mpige kabla hajakupiga!"

Mzee akaiweka dadu chini. "Nimpige bila kumsalimu?"

"Ni zimwi, Mzee."

"Nimeona ni zimwi. Kwani kwenu zimwi halisalimiwi? Mimi ndiye niliyeingia kwake." Akaweka Biblia mezani juu ya chumvi, akainama kidogo, akapiga makofi yale ya taratibu ambayo kule kwa Waha na Warundi hutangulia maneno, akampa bata salamu ya amani, "Amahoro, mwenye pango."

Sista alinifinya mkono. Daktari alitazama huku na huku. Kanuni za mchezo zilikuwa na namna zaidi ya kumi za zimwi kung'ata, lakini hazikuwa na namna hata moja ya zimwi kuitikia. Mzee alisubiri. Hakuna anayejua kusubiri kama mtu wa kule aliyetoa salamu. Hatimaye Daktari akakohoa, akasema kwa sauti nzito ya zimwi, "Amahoro."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Wa nyumbani wameamkaje?"

"Wa… nyumbani." Daktari akafuta jasho. "Wako salama. Sijui. Wako mbali."

"Yoo. Mbali wapi? Una watoto?"

"Ninao wawili."

"Nao wazima?"

"Mmoja alikuwa na surua," likasema zimwi, na sauti ile nzito ikaanza kupungua uzito. "Nilisikia kwa simu."

Karani akanong'ona kwamba mapangoni hakuna simu. Sista akamkanyaga. Mzee hakuwasikia hata kidogo. Alikuwa amesogeza kiti, ameegemeza mikono kwenye fimbo, anamtazama bata usoni kama mtu anayezungumza na jirani uani. "Sasa, mwenye pango, watu wanasema unawala. Unazuia na maji. Ni kweli?"

"Wanasema hivyo."

"Nimekuuliza wewe."

Daktari aliondoa mkono kwenye bata. Aliposema tena, haikuwa sauti ya zimwi, ilikuwa sauti yake, ya chini, na macho yake hayakumwangalia mtu. "Mzee, mimi hapa sikuomba kuja. Nilipangiwa. Nilipofika hakuna aliyenijua, nami sikumjua mtu. Nikakaa humu ndani. Wakija, wanakuja na mapanga. Na mimi nikitoka, natoka na meno. Tangu nifike hapa, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza watoto."

Mvua ilikuwa imeanza tena na ile ndoo, iliyorudi na Sista jana, ilikuwa ikipokea matone. Nilimwangalia Karani nikaona amekaa chini. Mzee alitikisa kichwa polepole. "Ego, ni kweli," akasema. "Nilipovuka mpaka, mtu wa kwanza kukutana naye aliniuliza, mko wangapi? Wa pili akaniuliza, mnatoka wapi? Ilipita wiki nzima ndipo mama mmoja, nilikwenda kumwomba maji, akaniuliza nimelalaje. Yule mama mpaka leo namwombea." Akanyoosha mkono wake mkubwa wa jembe, akamgusa bata kichwani kwa kidole kimoja. "Basi, mwenye pango, maji uwaachie. Na kesho, tukitoka kanisani, uje ule kwetu."

Akainuka, akachukua Biblia yake, akaipangusa chumvi. Alipofika mlangoni akageuka. "Nawe Daktari, uje." Kana kwamba walikuwa watu wawili.

Alikwenda. Alipewa ugali wa muhogo na maharage, akaulizwa habari za kila mtu aliyebaki Usambaa, na wote walikuwapo kweli: mke, watoto wawili, mmoja aliyekuwa anapona surua. Uhamisho hakuuomba tena. Ila mchezo wetu, ndugu zangu, uliharibika vibaya sana. Mzee akawa haachi Jumamosi hata moja, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, kanuni yake ikawa kanuni: hakuna kupiga kabla ya kusalimiana. Zimwi ambalo zamani tungelimaliza kwa robo saa likawa linachukua alasiri nzima. Chura akawa na mama mkwe mgonjwa. Mamba akawa na ugomvi wa shamba na kaka yake. Shujaa wa Sista, aliyeanza maisha akiwa na mundu wa kutisha, alitundika mundu na kuanza kuwachanja watoto wa mazimwi dhidi ya surua. Karani nusura atoe machozi. "Tutapigana lini?" akawa anauliza. "Nimebeba panga tangu mwezi uliopita!" Mzee akamjibu kwa upole, "Mwenzako ana mgonjwa ndani, unataka kumpiga? Huko kwenu hamna mioyo?" Karani akaanza kuuliza kuhusu mama mkwe wa chura, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa dhati, na siku mama mkwe yule alipofariki kwa dadu mbaya, Karani ndiye aliyependekeza tunyamaze kidogo.

Nilichokiona nje ya meza ndicho kilichonifanya nikae na kalamu wiki hii. Kabla ya siku ya bata, Daktari alikuwa akifika kijijini, Kumsenga au Busunzu, anaegesha pikipiki, anavaa glavu, anatoa sindano, anasema, "Leteni ng'ombe." Watu walikuwa wakisikia mlio wa pikipiki tu wanaswaga mifugo porini, naye anarudi mjini na chanjo zake akilalamika kwamba wananchi hawana mwamko. Neno hilo, mwamko, tulilipenda sana sisi watumishi, tulilitumia kwa kila mtu ambaye hatukumwelewa. Baada ya siku ile nilimfuata safari moja, nikamwona anavua kofia ya pikipiki, anapiga makofi, anauliza wazee, watoto, mihogo, na mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, anauliza na ng'ombe wameamkaje. Ng'ombe wakaletwa. Hata yule jirani aliyefiwa na ng'ombe, tuliporudi mjini, alimleta ndama wake, akamshikilia mwenyewe wakati wa sindano. Kazi ilichukua muda mrefu zaidi, na taarifa zake zilichelewa, na mkubwa wake alimkaripia kwa kuchelewesha taarifa. Sikusikia akikaripiwa kwa wingi wa ng'ombe waliochanjwa.

Nilihama mwaka 2014. Tangu hapo nimeishi mjini, ambako sasa watu wanasalimiana kwa simu kwa kutuma kidole gumba kilichonyooka. Ofisini kwetu mtu anaweza kufungua mlango na kusema "ile kitu iko tayari?" akafunga, na ukitaka kumwona usoni inabidi umkimbilie. Mwaka huu, wakati sisi tunagombana kuhusu nani apigiwe kura, mpaka wa kule umejaa tena watu waliobeba magodoro vichwani, na ninajua swali wanaloulizwa kwanza. Sisemi watu wasihesabiwe. Lazima chakula kipatikane, lazima turubai ligawiwe. Nasema tu kwamba Mzee alilikumbuka swali lile maisha yake yote, na kwamba mtu aliyemuuliza hakuwa mbaya, alikuwa na haraka. Mara nyingi tunadhani tunachokosa ni fedha au barabara, na kweli tunazikosa, mimi niliyeshinda matopeni njia ya Kagerankanda siwezi kulikana hilo. Lakini nimeona pia kazi yenye fedha na barabara ikishindwa mlangoni kwa mtu, kwa sababu aliyeileta hakuona haja ya kukaa.

Baada ya simu ile nilipanda basi kwenda Kibondo. Nilichelewa mazishi, kwa kuwa marehemu alikuwa Mwislamu na alizikwa siku ya pili yake. Sheikh aliongoza swala, na yule mzee wa kanisa, naambiwa, hakumwachia mtu mwingine chepe mpaka kaburi likajaa. Nilifika matangani pamoja na kaka zake wawili waliotoka Usambaa, wamechoka, wana vumbi mpaka kwenye kope. Walisalimiwa kwa muda mrefu, kila mmoja wa familia yao akatajwa kwa jina, nao walishangaa watu hawa wamewajuaje mpaka wajukuu. Walipokwisha kunywa uji, kaka mkubwa akainuka kwa adabu kumshukuru mwenye nyumba. Akasema, "Mzee, tunakushukuru kwa kumvumilia ndugu yetu. Tumekuja pia kuondoa vitu vyake, ili upate nafasi. Najua mpangaji akifa ni usumbufu."

Mke wa Mzee, yule aliyewahi kukimbia na ndoo, alikuwa amekaa mkekani amejifunika khanga kichwani, akaanza kulia kwa sauti.

"Mpangaji nilishamfukuza zamani," akasema Mzee. "Huyu tuliyemzika ni wa hapa nyumbani."

Ndilo somo nililorudi nalo, na ninawaachia nanyi. Karibu sote tumepangiwa mahali ambapo hatukupachagua, kazini, mtaani, hata kwenye ndoa, na wengi tunaishi humo kama wapangaji huku tukihesabu siku za kuondoka. Hakuna barua ya mwajiri inayoweza kumfanya mtu kuwa wa mahali. Jambo hilo hufanywa na mtu mmoja aliyeketi, akawa na muda, akauliza wa kwenu wameamkaje, kisha akanyamaza asikie jibu. Ukimwona mgeni mkali, mkimya, anayenuka dawa, anza wewe.